Korona Ilitupa, Kambi Ikaokota

Waliokulia kati ya Muheza na Korogwe hawahitaji kuelezwa harufu ya korona. Ilikuwa harufu ya majani mabichi yaliyopondwa yakaanza kuchacha, kali, ya kuwasha puani, na ilisafiri na upepo wa alfajiri mpaka ndani ya mabehewa ya treni ya Moshi, hata abiria aliyesinzia akajua bila kuchungulia dirishani kwamba ameshaingia nchi ya mkonge. Sisi watoto wa kambini, kambi ya wafanyakazi wa mkonge, tulikuwa hatuisikii tena. Mgeni ndiye aliyeziba pua.

Siku hizi ukitaja korona watu hukumbuka barakoa. Kwetu lilikuwa jina la mashine ya kuchuna mkonge, na kwa mazoea likawa jina la kiwanda kizima, tena ndiyo iliyokuwa saa yetu, kwa kuwa maisha ya kambi yalikwenda kwa muungurumo wake. Kabla jogoo wa pili hajawika mlinzi aligonga kipande cha reli kilichoning'inizwa mbele ya ofisi, wakataji wakatoka na visu vyao na vibuyu vya maji, na jua lilipopanda kiberenge kilikuwa kinarudi kutoka mashambani kikivuta matoroli yaliyosheheni mafungu, majani thelathini kwa kila fungu. Wanaume waliojifunga magunia viunoni waliyatandaza majani juu ya mnyororo, mnyororo ukayapeleka kwenye magurudumu makubwa yenye mapanga butu yaliyoyaponda na kuyakwangua huku maji yakimwagika bila kukoma, na upande wa pili zikatoka singa ndefu zinazochuruzika, za kijani iliyopauka. Zikaanikwa kwenye nyaya. Kufika adhuhuri jua lilikwisha kuzitoa rangi, na ukisimama kwenye kilima ungedhani kambi nzima imefua mashuka siku moja.

Kisha brashi, kisha mashine ya kushindilia marobota, kisha treni, kisha matishari ya bandari ya Tanga yaliyozipelekea mzigo meli zilizotia nanga mbali. Huko ng'ambo, tuliambiwa, wazungu walifungia nyasi za ng'ombe wao. Tuliona ajabu. Kazi yote ile, kwa ajili ya kufunga nyasi!

Mashine ile ilikuwa na mlango mwingine ambao hakuna mkubwa aliyeutazama. Katika kila kilo mia za majani zilizoingia, katani kavu iliyotoka ilikuwa kama kilo nne. Zilizobaki, yaani maji, utomvu na makapi ya kijani, ziliporomokea kwenye mfereji, zikatiririka nyuma ya kiwanda, zikajikusanya bondeni kuwa vilima vyeusi vinavyofuka mvuke, na nyingine zikaingia mtoni. Wavuvi wa mto Pangani wakalalamika kwamba samaki wanaelea. Hakuna aliyeandika popote. Tasnia iliyojengea mji wa Tanga majumba yake ya ghorofa ilikuwa, kwa hesabu ya mizani, kazi ya kutupa tisini na sita ili kupata nne.

Lakini kambini hakikutupwa kitu.

Bibi yetu, mama yake baba, alishuka bondeni na ndoo ya bati kuchota makapi yaliyokwisha kupoa na kuoza, akayamwaga kwenye mashina ya migomba nyuma ya nyumba, na migomba ile ilizaa mikungu ambayo mtu mmoja haibebi. Ng'ombe wa jirani waliyala yangali mabichi. Singa fupi zilizonaswa mferejini wanawake walizichambua, wakazifua, wakazifanya madodoki ya kuogea na ya kusugulia sufuria, na dodoki jipya la katani liliukwaruza mgongo wa mtoto hata akalia kabla ya sabuni. Wanaume walikaa barazani jioni wakisokota kamba pajani, maneno yakiendelea, mkono ukijua njia yake, na kamba hizo ndizo zilizowambia vitanda, zilizofungia mbuzi, zilizoteka maji kisimani, na zilizotufundisha adabu. Wasichana walisuka nywele za wanasesere wao kwa katani. Mmea ulipozeeka ukatoa mlingoti wake mrefu angani, ukachanua mara moja tu katika uhai wake na kufa, mlingoti ule ulikatwa ukawa pao la nyumba au banda la kuku, na shina lililokauka likawa kuni. Hata mwiba wa ncha ya jani tulitolea funza.

Hatukuwa na jina la mambo hayo. Ilikuwa ni kuishi tu. Leo yana jina, yana makongamano, yana mkakati uliochapwa kwa karatasi ya kung'aa: uchumi wa kibayolojia. Jumuiya ya Afrika Mashariki inao wake wa mwaka 2021/22 hadi 2031/32, na kilimo ni moja ya nguzo zake. Nimeusoma kwa heshima. Unasema shamba lisitazamwe kama mahali pa chakula na malighafi tu. Kila kinachoota na kila kinachobaki baada ya mavuno kinaweza kuwa nishati, mbolea, nguo, dawa, malighafi ya viwanda, ili tupunguze kutegemea mafuta yanayochimbwa. Ni maneno mazuri, na naamini ni ya kweli. Ila niliposoma sura ya mabaki ya mashambani nilimwona bibi anapanda kutoka bondeni, ndoo kichwani, na nikajiuliza angecheka au angeuliza mbona mmechelewa.

Nisije nikaipamba kambi kupita kiasi. Wenye kuokota huokota kwa sababu hawana, na wengi wa watu wa kambi zile walikuwa hawana kitu. Waliitwa manamba, kwa sababu walijulikana kwa namba kabla ya kujulikana kwa jina, na walisombwa kwa malori na treni kutoka Ubena, Uha, Burundi na Msumbiji, wakalazwa kwenye nyumba za mistari, wakapewa posho ya unga, maharagwe na chumvi, pamoja na kadi iliyoitwa kipande, yenye nafasi ya siku thelathini za kazi. Na siku haikuhesabiwa mpaka uwe umemaliza mafungu yako, hata kama homa imekukamata. Utomvu uliwababua mikono. Vumbi la brashi liliingia vifuani likawa kikohozi kisichojua msimu. Mwiba wa mkonge haubagui, na katika kambi yetu alikuwapo mzee wa Kirundi mwenye jicho moja, aliyefika kijana kwa mkataba akitaraji kurudi na baiskeli na mablanketi, asirudi kamwe, na ndiye aliyetufundisha watoto wa makabila yote kusokota kamba ya nyuzi tatu. Jumamosi usiku Wamakonde walipiga sindimba mpaka vumbi likapanda juu ya koroboi. Tuliipenda sana. Watu wazima walicheza wakiwa wamechoka.

Mmea wenyewe nao ulikuwa mhamiaji. Asili yake ni Meksiko, na aliyeuleta ni Mjerumani, Dakta Richard Hindorf, mwaka 1893. Aliagiza miche elfu moja kutoka Florida, ikapitia Hamburg, na iliyofika ufuoni kwetu ingali hai ilikuwa 62 tu. Wazee wa Tanga wanayo hadithi yao kwamba miche hiyo iliibwa, ikafichwa ndani ya tumbo la mamba aliyekaushwa. Kila mzee aliisimulia kwa mamba mkubwa zaidi ya mwenzake. Kutokana na miche 62 ikaota nchi nzima ya mistari iliyonyooka: Amboni, Kigombe, Ngombezi, Magunga, Mwelya, Mazinde, mpaka Kilosa na Lindi. Wakati wa vita vya Korea bei ikapaa na watu wakauita mkonge dhahabu ya kijani. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa karibu tani 230,000 za katani, na hakuna nchi duniani iliyoipita.

Halafu ikaja nailoni.

Tuliita vyote nailoni, ingawa kamba iliyouua mkonge hasa ilikuwa ya polipropilini, inayotokana na mafuta ya petroli. Nakumbuka ya kwanza kuiona ilikuwa ya buluu, imefungia sanduku la mwalimu mgeni kwenye paa la basi, na baba akashuka barazani akaigusa, akaivuta, akainusa, akaichoma ncha kwa kiberiti, nayo ikayeyuka badala ya kuungua, ikatona tone jeusi chini. Akasema hii haiozi. Alisema kwa kuisifu. Kamba ya katani ikinyeshewa msimu mmoja inaanza kulegea, na kila nyumba ilikuwa ikisokota upya. Hii ingedumu kuliko mwenyewe. Baba hakujua, wala hakuna aliyejua barazani pale, kwamba kutokuoza huko kungekuja kuwa ndiyo shtaka lake.

Bei ikaporomoka katika nusu ya pili ya miaka ya 1960. Azimio la Arusha likatangazwa mwaka 1967, Serikali ikachukua sehemu kubwa ya mashamba, na kwa miaka michache nyapara alituita ndugu. Mwalimu Nyerere aliueleza ulimwengu mara nyingi kwamba trekta lilelile lilihitaji tani nyingi zaidi za mkonge kila miaka ilivyopita, na hapo hakuwa akitoa mfano wa darasani. Trekta letu lilikufa, likakaa juu ya mawe, kuku wakatagia kitini. Magugu yakaingia kati ya mistari. Milingoti ikaota bila kukatwa, shamba baada ya shamba, dalili ya mkonge ulioachwa. Kufika miaka ya 1990 nchi nzima ilikuwa ikitoa kiasi cha tani 20,000 tu kwa mwaka, mashamba yakabinafsishwa, reli za kiberenge zikang'olewa zikauzwa chuma chakavu, na asubuhi moja watu wakagundua kwamba wameanza kusikia ndege.

Mto ukasafika. Hilo nalo liandikwe. Korona iliponyamaza, watoto waliozaliwa baada yetu walijifunza kuogelea mahali ambapo sisi tulikatazwa hata kunawa. Kina mama waliokosa mshahara wa waume zao walikuwa wakiyaangalia maji hayo masafi wakiwa na masufuria matupu. Sijui mizani ipi itapima mambo hayo mawili pamoja.

Nilipita huko hivi karibuni. Barabara ni lami. Nyumba za mistari zimebaki chache. Vijana wana bodaboda na simu. Na mkonge umerudi.

Umerudi kwa sura nyingine. Zamani mstari wa mkonge ulikuwa wa kampuni kuanzia barabarani hadi upeo wa macho, na mtoto akikata jani la kuchezea alikimbizwa na mlinzi. Leo, katika mashamba yaleyale ya Korogwe, mistari imegawanywa kwa wakulima wadogo, huyu ekari zake kumi, yule ishirini, na wengine ni wana na wajukuu wa manamba walewale. Wana vyama vyao vya ushirika. Wanapanda mahindi na maharagwe kati ya mistari ya mkonge mchanga, maana mkonge hautoi kitu kwa miaka yake mitatu ya kwanza. Mama mmoja alinionyesha shamba lake kwa kidole, pole pole, mwanzo hadi mwisho. Hakuhitaji kusema zaidi.

Mbegu nayo imebadilika. Kituo cha utafiti cha Mlingano, kule Muheza, ndicho kilichozalisha mkonge chotara unaojulikana kwa namba, 11648, usio na miiba ubavuni na wenye majani mengi kuliko ule wa Hindorf. Wachina waliuchukua wakaupanda kwao, na hadi leo mashamba yao mengi ni ya chotara huyo wa Tanga. Na juu ya hayo, bado wanakuja kununua katani yetu. Waarabu wa Saudia wananunua kwa ajili ya plasta za majengo. Ubao wa kurushia vishale katika vilabu vya pombe vya Uingereza ni katani iliyoshindiliwa. Hapa nyumbani, mafundi wa jipsamu wanaotengeneza mikanda ya dari huchanganya nyuzi za katani kwenye uji wa jipsamu ili usipasuke. Kijana anayelala chini ya dari hiyo Sinza au Kigamboni, Dar es Salaam, huenda hajawahi kuuona mkonge. Uko juu ya kichwa chake.

Na mlango ule wa korona ambao hakuna mkubwa aliyeutazama, sasa wakubwa wanautazama. Hale, kando ya mto Pangani, palipojengwa kituo cha umeme wa maji cha megawati 21 miaka ya 1960, ndipo palipojengwa pia, zaidi ya miaka arobaini baadaye, mtambo wa kwanza duniani wa kuzalisha umeme kwa mabaki ya mkonge. Kazi yake si ngumu kuieleza. Makapi huingizwa ndani ya tangi lisilopitisha hewa, vijidudu vikayala na kutoa gesi ya methani, gesi ikaendesha jenereta, na tope linalobaki likarudishwa shambani kuwa mbolea. Ulianza na kilowati 150, kiasi kidogo mno ukikilinganisha na kile kituo cha jirani, na mitambo ya namna hii ina maradhi yake: singa hunasa kwenye pampu, vipuri viko mbali, fedha za wahisani huisha kabla ya kazi. Lakini jambo lilikwisha kuonyeshwa. Kile kilichoua samaki kinaweza kuwasha taa.

Si mkonge peke yake. Kiwanda cha sukari cha TPC kule Moshi huchoma makapi ya miwa kupata umeme wake, na Kilombero vivyo hivyo. Wataalamu wanazungumzia maganda ya kahawa, mashina ya migomba, pumba za mpunga. Mkonge wenyewe una mengi ambayo hayakugunduliwa jana: tangu miaka ya 1950 Waingereza walijua kutoa kwenye utomvu wake kitu kiitwacho hekojenini, kinachotengenezewa dawa za jamii ya kotizoni, na mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha njia ya kugeuza nyuzi za mkonge kuwa pamba laini inayonyonya maji vizuri kiasi cha kufaa kwa taulo za kike. Utomvu uliombabua baba mikono ulikuwa dawa ya ngozi ya mtu wa London. Hakuambiwa.

Basi kiwanda kinajifunza kuokota. Ningefurahi moja kwa moja, kama nisingeingia majumbani.

Kwa maana nyumba, ambayo haikutupa kitu, sasa inatupa kila kitu. Hakuna kitanda kilichowambwa; ni magodoro juu ya chaga, na magodoro ni povu la mafuta. Kamba ya mbuzi ni manila. Ndoo ni plastiki, gunia ni salfeti, dodoki ni la nailoni ya waridi na kisugulio cha sufuria ni stiliwaya. Mfereji wa korona mahali pengine umekauka, na badala ya makapi umejaa chupa za maji na vifuko. Niliwauliza vijana nani anajua kusokota kamba. Walinitazama kwa upole. Mmoja akaniambia, "Mzee, kamba si mia tano tu dukani?"

Naye ana haki. Kamba ya pajani ilikula jioni nzima, na jioni ya mwanamume aliyekata mafungu tangu alfajiri haikuwa ya kuchezea. Mapaja yale yalikuwa na sugu. Binti anayenunua dodoki hamtumi mwanawe mferejini kuchambua singa kwenye tope linalonuka. Anayetaka turudi barazani na aanze yeye kusokota.

Lakini gharama ya mia tano hiyo inalipwa mahali. Tulijaza nchi mifuko ya rambo mpaka ikaziba mitaro na matumbo ya ng'ombe, na tarehe 1 Juni 2019 Serikali ikaipiga marufuku, kama Wakenya walivyofanya mwaka 2017 na Wanyarwanda kabla yetu sote. Nilidhani, kwa uzee wangu, kwamba siku ya mkonge imefika; kwamba Tanga itaamka na vikapu. Sokoni ikaingia mifuko mbadala, myepesi, ya rangi rangi, inayofanana na kitambaa. Niliifurahia mpaka nilipojua imetengenezwa kwa nini. Ni polipropilini. Kamba ile ya buluu ya mwalimu mgeni, imerudi imevaa kanzu.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaodhani uchumi huu mpya ni suala la mitambo tu. Mitambo inaweza kupatikana. Kilimo kinaweza kulisha viwanda kwa majani yake yote na si kwa nyuzi pekee, na nchi iliyowahi kutoa tani 230,000 za katani haina haja ya kufundishwa jinsi mmea mmoja unavyoweza kubeba mkoa. Swali langu ni la zamani zaidi, ni la kambi: nani anaokota, na anaokota kwa ruhusa ya nani?

Hesabu ya mkulima mdogo wa leo bado ni hesabu ya singa. Anapeleka majani yake koronani, anakatwa gharama ya kuchuna, analipwa kwa katani iliyotoka. Makapi hubaki kiwandani, na mpaka sasa jambo hilo halijamuuma, kwa kuwa makapi ni uchafu na hakuna anayegombea uchafu. Bibi alichota bila kuomba, kwa sababu hiyohiyo. Ila kitu hakibaki uchafu kikishawasha taa. Siku makapi yatakapokuwa umeme, na utomvu dawa, na tope mbolea ya mifuko yenye nembo, yatapata bei. Yakipata bei yatapata uzio. Na kwenye uzio atasimama mlinzi, kumwuliza mwanamke mwenye ndoo ametumwa na nani. Tumeshaiona filamu hiyo. Mtoto akikata jani la kuchezea, alikimbizwa.

Haya yanaweza kuzuilika, na wala si kwa maneno makubwa. Mkataba wa kuchuna uandike makapi ni ya nani. Ushirika uwe na hisa kwenye tangi la gesi, isiwe wakulima kuonyeshwa tu siku wageni wanapokuja. Mbolea irudi kwanza kwenye mistari ilikotoka, maana mkonge hunyonya ardhi, na ardhi ya Tanga imenyonywa kwa zaidi ya miaka mia moja bila kurudishiwa kitu. Wizara inayotaka mifuko mbadala inunue ya Tanga kabla ya kusifu ya nje. Wataalamu nao wakiandika sura ya mabaki, wawatafute wanawake wazee wa kambi wangali hai, wawaulize makapi hukaa siku ngapi kabla hayajafaa kwa mgomba. Maana ukiyaweka mabichi yanauunguza, na hilo bibi alilijua bila maabara.

Asilimia nne walikwisha kugawana watu wa Hamburg, London na Dar es Salaam kabla sisi hatujajua kuhesabu. Tisini na sita bado hazijagawanywa. Mwenye kuzidai, azidai sasa, zikiwa bado zinanuka.